Vibanda vya Mabogini na deni la maabara za Moshi

Kusini mwa mji wa Moshi, mteremko wa Kilimanjaro unapokwisha na ardhi kulala tambarare, ndipo ilipo Mabogini. Kihamba cha migomba na kahawa umekiacha juu. Huku ni majaruba ya mpunga, mifereji ya zege na pawatila zinazonguruma msimu wa kupanda, na mbele zaidi ni miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC hadi macho yachoke. Maji yanayolisha majaruba hayo yanatoka mlimani kupitia mito ya Njoro na Rau na chemchemi zake. Skimu yenyewe, inayojulikana kama Moshi ya Chini, ilijengwa kwa fedha za Japani na kukamilika mwaka 1987.

Palipo na maji yaliyotuama pana mbu, na mbu wa Mabogini wamewaleta watafiti. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko upande wa juu wa mji, wamekuwa wakishuka kwenye ukanda huu wa Mabogini, Pasua na Chekereni kufanya kazi ambayo Watanzania wengi hawaijui, ingawa matokeo yake huenda wanayafunga juu ya kitanda kila usiku. Wanapima vyandarua na dawa za kuua mbu, na wanavipimia kwenye vibanda.

Kibanda cha majaribio ukikitazama kwa mbali utadhani ni banda la mlinzi. Ukisogea ndipo unaona akili iliyotumika. Kimeinuliwa juu ya nguzo fupi, na nguzo zimezungukwa na mfereji mwembamba wa maji ili sisimizi wasipande kula mbu waliokufa kabla hawajahesabiwa. Chini ya paa kumeachwa upenyo wa mbu kuingia. Pembeni kuna veranda zilizozibwa kwa wavu, ambamo mbu anayetaka kutoka hunaswa. Ndani analala mtu mzima aliyeridhia kushiriki, chini ya chandarua kilichotobolewa matundu kwa makusudi ili kiwe kama kile kilichochakaa nyumbani kwako. Asubuhi mbu hukusanywa mmoja mmoja kwa kimrija cha kunyonyea na kuhesabiwa kwa mafungu: walio hai na waliokufa, walioshiba damu na walioambulia patupu, wa ndani na wa veranda. Walio hai huwekwa kwenye vikombe, hupewa maji ya sukari, kisha husubiriwa saa 24. Kwa dawa zinazoua taratibu husubiriwa hadi saa 72. Walalaji nao hubadilishana vibanda kwa ratiba, kwa kuwa kuna watu ambao mbu huwapenda kuliko wengine. Bila kuwazungusha hivyo, mtu anaweza kuisifia dawa kumbe mlalaji ndiye asiyewavutia mbu.

Muundo huu wa veranda haukuletwa na meli. Ulitokana na kazi ya wataalamu wa taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha, TPRI, katika miaka ya 1960. Muda mfupi kabla ya hapo, kati ya 1954 na 1959, maeneo jirani ya Pare na Taveta yalikuwa uwanja wa jaribio kubwa la kupulizia nyumba dawa ya dieldrin. Kwa hiyo utaalamu wa mbu katika pembe hii ya nchi una umri wa kustaafu.

Na umelipa. Watafiti waliopita vijiji vya mpunga, vya miwa na vya nyika katika Moshi ya Chini walikuta jambo lililowashangaza wengi: kijiji cha mpunga kilikuwa na mbu wengi zaidi, lakini maambukizi ya malaria hayakuwa makubwa zaidi. Wenye mpunga walikuwa na kipato, walinunua vyandarua, na mbu wa huku, Anopheles arabiensis, hana ubaguzi. Ng'ombe akiwepo atamnyonya ng'ombe. Baadaye, mwaka 2010, yakachapishwa matokeo yaliyoonyesha namna mbu hao hao wa Moshi ya Chini walivyoanza kuhimili permethrini, dawa ya jamii ya pairethroidi ambayo vyandarua vya dunia nzima vilikuwa vinaitegemea.

Tayari dawa mbadala ilikuwa inapimwa. Mwaka 2008 timu iliyoongozwa na Profesa Franklin Mosha wa KCMC ilichapisha matokeo ya vibanda vya majaribio kaskazini mwa Tanzania kuhusu klorfenapiri, kemikali iliyokuwa ikitumika kwa wadudu wa mashambani. Pairethroidi hushambulia neva. Klorfenapiri hufanya hila nyingine: mbu akishaigusa, vimeng'enya vya mwili wake mwenyewe huigeuza kuwa sumu inayozima uzalishaji wa nguvu ndani ya seli. Yaani chombo kile kile ambacho mbu sugu hukitumia kuvunja dawa ya zamani ndicho kinachowasha dawa mpya. Miaka ikapita. Vyandarua vyenye mchanganyiko wa dawa hizo mbili vikajaribiwa kwa wananchi wilayani Misungwi, Mwanza, kwa ushirikiano wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, chuo cha KCMC, London School of Hygiene and Tropical Medicine na wengine. Matokeo yakatoka katika jarida la Lancet mwaka 2022: katika miaka miwili, malaria kwa watoto ilipungua kwa asilimia 44 ikilinganishwa na waliolalia vyandarua vya kawaida. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza rasmi.

Nimekaa kwenye mbu kwa muda mrefu kwa sababu huu ndio ushahidi bora ninaoujua wa kile ambacho chuo kikuu cha mkoani kinaweza kufanya kikiwa na vifaa. Lakini pia kwa sababu ushahidi huu unaweza kusomwa vibaya. Mtu atasema: mnaona, sayansi haihitaji majumba, kibanda, chandarua na kimrija vinatosha.

Havitoshi. Kibanda ni sehemu inayoonekana tu. Nyuma yake lazima kuwe na jengo la kufugia mbu, lenye joto la nyuzi 27 hivi na unyevu wa karibu asilimia 80, usiku na mchana, Krismasi na Idi. Humo hufugwa mbu wasio na usugu wowote, wa ukoo unaoitwa Kisumu kwa kuwa mababu zao walikamatwa Kisumu, Kenya, miongo mingi iliyopita. Hao ndio kipimo: dawa ikishindwa kuwaua hao, tatizo liko kwenye dawa. Umeme ukikatika bila jenereta kuwaka, unaweza kupoteza ukoo uliotunzwa vizazi na vizazi. Kuna maabara ya vinasaba, maana Anopheles arabiensis na ndugu yake gambiae hawatofautiki kwa macho hata ya mtaalamu. Kuna jokofu za baridi kali na mtu wa kuhakiki ubora anayekagua kila daftari. Kituo cha KCMC kimepata ithibati ya kimataifa ya utendaji bora wa maabara, inayotolewa na mamlaka ya Afrika Kusini, na ithibati hiyo haitolewi kwa kuangalia rangi ya ukuta. Wakaguzi huuliza mizani ilipimwa lini, nani alifuta tarakimu ile, na kwa nini.

Sasa panda mjini. Moshi imekuwa mji wa vyuo vikuu karibu bila yenyewe kutangaza. Chuo cha Ushirika kilianza 1963 na kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika mwaka 2014. Chuo cha wanyamapori cha Mweka, mlimani, nacho ni cha 1963. Chuo cha tiba cha KCMC kilianza 1997, ndani ya hospitali iliyofunguliwa 1971. Mwenge, kinachomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki, kilianza 2001 kama chuo kishiriki cha ualimu na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Miongoni mwa wanaoandaliwa pale ni walimu wa sayansi na hisabati. Kila Oktoba au Novemba mabasi hushusha vijana na magodoro yao, na kila mwaka foleni ya kuingia maabara inarefuka.

Hapo ndipo kuna deni. Maabara za utafiti nchini mwetu hupata fedha kwa njia yake: wafadhili wa nje, mashirika ya afya, hata viwanda vya vyandarua vinavyotaka bidhaa zao zipimwe. Kila mradi huja na mashine yake, na wakati mwingine gari lake. Maabara ya kufundishia haina mfadhili wa namna hiyo. Hakuna shirika la Geneva linalolipia kijana wa mwaka wa kwanza ajifunze kutumia bureti, avunje mbili, na kuharibu lita tano za asidi kabla mkono wake haujatulia. Gharama hiyo huangukia ada, na ada ya wengi huangukia Bodi ya Mikopo. Ndiyo maana ndani ya chuo kimoja unaweza kukuta ghorofa moja lina mashine ya kusoma vinasaba, na jengo la jirani wanafunzi wamezunguka darubini moja: mmoja anaangalia, mmoja anaandika, waliobaki wanachora kutoka kitabuni. Sisemi hivi kwa chuo kimoja. Mtanzania yeyote aliyesoma sayansi chuoni anajua ninachokizungumza.

Tumewahi kujaribu kulipa deni hili kwa mkupuo. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Muda ulipokwisha Novemba 2014, ukasogezwa hadi Juni 2015. Watendaji wa kata walipita nyumba kwa nyumba kudai michango. Wapo wazazi waliotoa kuku. Majengo yalisimama, na lazima tuseme ukweli kwamba bila agizo lile mengi yasingekuwepo leo. Lakini kuta zilitangulia, na vilivyofuata, yaani gesi, maji, kemikali na mwalimu mwenyewe, vilikuja polepole au havikuja. Maabara isiyo na mwalimu hugeuka stoo ya madawati mabovu haraka kuliko unavyodhani.

Na mwalimu hutoka chuoni. Serikali iliona pengo hilo, ikaanzisha programu maalumu ya stashahada ya ualimu wa sayansi pale Chuo Kikuu cha Dodoma. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa programu hiyo wakarudishwa nyumbani baada ya masomo kukwama kwa ukosefu wa wahadhiri. Mwaka uliofuata Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Kelele zilikuwa nyingi, lakini tume ilikuwa inafanya kazi ambayo ingepaswa kufanywa mapema zaidi. Idadi ya wanafunzi inaweza kuongezwa kwa tangazo moja la udahili. Mtaalamu wa maabara huchukua miaka kupatikana.

Kwa vyuo vya umma upepo umebadilika kidogo. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, ulioanza 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, umepeleka majengo na vifaa katika vyuo vikuu vya serikali, na Chuo cha Ushirika Moshi ni mmoja wa wanufaika. Vyuo binafsi na vya dini havikuwa walengwa wa majengo hayo. Hoja ya serikali inaeleweka: fedha za umma, mali ya umma. Lakini daktari anayetoka KCMC, hospitali ya Kilutheri, hatibu Walutheri peke yao, na mwalimu wa kemia aliyesomea Mwenge hupangiwa shule ya serikali Tandahimba. Kama tunda ni la wote, sioni kwa nini shina liachiwe kanisa peke yake.

Ninapowaza jengo jipya la sayansi kwa chuo kinachokua hapa Moshi, mawazo yangu hushuka tena bondeni. Siyo kwa sababu ya bei ya viwanja, ingawa nayo ina lake. Ni kwa sababu maswali yako huko. Chukua maji. Mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachaga, na skimu ya Wajapani vinakunywa kutoka mlima mmoja, na tangu skimu ifunguliwe wakulima wa juu yake nao wamelima mpunga, kwa hiyo maji yanayofika majaruba ya chini yamepungua. Nani anapima kila wiki, kwa miaka kumi mfululizo, kiasi na ubora wake? Chukua madini ya floraidi, yanayojulikana katika ukanda wa Meru na Kilimanjaro kwa meno ya rangi ya kahawia. Kiwango cha Tanzania, ambacho zamani kilikuwa miligramu 4 kwa lita, sasa ni 1.5. Kupima floraidi si kazi ya roketi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akiwa na kifaa sahihi anaifanya asubuhi moja, na akiifanya kwenye visima vya Mabogini badala ya chupa iliyoandaliwa na mwalimu, matokeo yake yana faida kwa mtu.

Chukua ardhi yenye magadi inayozidi kuharibu baadhi ya majaruba, kimyanga cha mpunga, na konokono wa kichocho kwenye mifereji. Chukua viuatilifu vinavyopuliziwa mpunga, ambavyo vinashukiwa kuchangia usugu wa mbu tulioutaja. Kwenye swali hilo mtaalamu wa kilimo na wa malaria wangekuwa wanatazama jaruba moja kwa macho mawili. Pale Chekereni tayari kuna kituo cha mafunzo ya kilimo kilichoanzishwa 1994, pia kwa msaada wa Japani, ambacho kimefundisha wakulima wa mpunga kutoka pande nyingi za nchi. Juu mlimani, Lyamungu, utafiti wa kahawa umekuwepo tangu 1934, na tangu 2001 upo mikononi mwa TaCRI, taasisi iliyoundwa kwa wazo kwamba wadau wa kahawa wenyewe wachangie gharama. Miche yake inayostahimili chulebuni na kutu ya majani imo vihambani. Mkulima alichangia, akapata mche. Sijui mfumo wa fedha za utafiti ulio rahisi kuueleza kuliko huo.

Kwa hiyo pendekezo langu litawaudhi wakuu wa vyuo, na naomba radhi mapema. Vyuo vya Moshi visijenge kila kimoja maabara yake ndogo yenye jina la askofu au la mfadhili mlangoni. Vijenge kwa pamoja kituo kimoja kikubwa cha vitendo, karibu na bonde, chenye jenereta moja linalowaka kweli, mtambo mmoja wa maji yaliyochujwa, stoo moja ya kemikali yenye mtu anayejua kilichomo, na ratiba inayogawa siku. Jumatatu walimu watarajiwa wa kemia, Jumanne wa tiba, Jumatano wa wanyamapori. TCU nayo ikubali kuhesabu kituo cha pamoja inapokagua vifaa vya programu, badala ya kumlazimisha kila mwenye chuo kuonyesha vyake. Najua ugumu. Kila chuo kina bodi, kila bodi ina fahari, na usafiri wa wanafunzi kutoka Mweka hadi bondeni si wa bure. Lakini basi la wanafunzi ni rahisi kulinunua kuliko maabara nne zilizolala nusu ya wiki.

Jambo jingine ni watu, na hapa ndipo bajeti nyingi hujikwaa. Fundi sanifu maabara ndiye anayejua bomba lipi linavuja na kemikali ipi imepitwa na wakati. Mara nyingi ndiye anayelipwa kidogo, hana njia ya kupanda cheo, na akipata kazi ya mradi wa wafadhili huondoka, na halaumiwi. Ukitaka kujua kama jengo la sayansi litakuwa hai baada ya miaka 15, usiangalie michoro ya msanifu. Uliza mshahara wa huyo fundi umeandikwa fungu gani. Mfano ni Taasisi ya Amani, kule Usambara, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 ikawa miongoni mwa vituo vya sayansi vilivyosifika Afrika. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilitengeneza kwinini ya askari. Baadaye ikawa nyumba ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki nzima. Kisha shughuli zikahamia Muheza, na majengo ya mlimani yakabaki na msitu. Hayakubomoka kwa tetemeko. Watu na fedha ndivyo vilivyoshuka mlima.

Mambo haya hayangoji. Kuna mbu wa kigeni anayeitwa Anopheles stephensi, mwenyeji wa Asia Kusini, aliyeonekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na ambaye watafiti wa Kenya walitangaza mwaka 2023 kwamba amefika kaskazini mwa nchi yao. Huyu hahitaji jaruba. Huzaliana kwenye simtanki, mapipa na mashimo ya maji ya ujenzi, yaani katikati ya mji kama Moshi. Akifika, wa kwanza kumtambua hatakuwa profesa. Atakuwa kijana wa afya wa kata, au mwalimu wa baiolojia wa Pasua, atakayechota viluwiluwi kwenye pipa, aviweke chini ya darubini na kuona kitu ambacho si cha kawaida. Akiwa na mashaka, maabara ya vinasaba ya KCMC iko dakika chache kwa bodaboda. Ila ili aweze kuwa na mashaka hayo, ni lazima alipokuwa chuoni awe alishika darubini mwenyewe, mara nyingi, na siyo kuchora kutoka kitabuni wakati mwenzake anaangalia.